Wi-Fi Ipo, Intaneti Haipo: Tatizo Liko Wapi Hasa?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota ghafla Tanzania, Kenya, Msumbiji, Malawi na kwa majirani zao. Kebo mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, wakati kebo nyingine za upande wa Bahari ya Shamu zilikuwa zimeshaharibika tangu Februari. Ruta za nyumbani hazikuhusika hata kidogo, lakini ndizo zilizokiona cha moto. Zilizimwa na kuwashwa, zikachokonolewa nyuma kwa sindano, zikabadilishwa nywila kwa sababu huenda jirani ndiye anayemaliza bando. Na mafundi wa mtaani waliendelea kupigiwa simu zenye maneno yaleyale: Wi-Fi imekufa.

Haikuwa imekufa. Mkanganyiko huo haukuanza wala kuisha na kebo za baharini, ni wa kila siku, na unawagharimu watu hela. Wananunua ruta mpya wakati waya umekunjwa, wanahama kampuni wakati ruta imefichwa kabatini.

Wi-Fi ni mawasiliano ya redio kati ya kifaa chako, iwe simu, kompyuta au runinga, na ruta iliyomo ndani ya nyumba. Yanaishia hapo kwenye ruta. Intaneti ni kile kinachoifikia ruta kutoka nje, kwa waya wa faiba, kwa laini ya 4G au 5G iliyochomekwa ndani yake, au kwa dishi la juu ya paa. Nyumba inaweza kuwa na bomba jipya, koki inang'aa, na maji ya mtaani yamekatika tangu juzi. Ile mistari ya Wi-Fi kwenye kioo cha simu inakuonyesha hali ya bomba tu. Ikijaa yote, maana yake simu inaisikia ruta vizuri. Kama ruta yenyewe ina chochote cha kukupa, mistari haijui.

Simu za siku hizi zinajaribu kukusaidia. Zikiunganishwa na mtandao hutuma ombi dogo kwa seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, huko nje, na jibu lisiporudi zinaandika kwamba umeunganishwa ila hakuna intaneti. Watu huusoma ujumbe huo kama lawama kwa Wi-Fi. Usome tena: unakwambia Wi-Fi ni nzima.

Kwa hiyo njia ina vipande vitatu. Cha kwanza ni simu hadi ruta, hewani. Cha pili ni ruta hadi kwa mtoa huduma. Cha tatu ni kutoka kwa mtoa huduma hadi huko duniani kwenye tovuti unazozitaka. Usibonyeze wala kununua kitu chochote kabla hujajua ni kipande kipi kimekatika. Kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Kwanza, kifaa kimoja au vyote?

Kama simu yako inagoma na ya mdogo wako hapo pembeni inafungua video, achana na ruta, achana na mtoa huduma. Tatizo unalo mkononi. Zima Wi-Fi ya simu, iwashe. Isipokubali, iambie simu isahau mtandao huo kisha uingize nywila upya. Angalia na saa yake pia. Simu iliyoisha chaji kabisa ikaamka na tarehe ya miaka ya nyuma itakataa karibu kila tovuti, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa hesabu za simu hiyo vyeti vyote bado havijaanza kutumika. VPN, ile programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine, uliyoiweka siku nyingi ukaisahau nayo ina vituko vya aina hii.

Vikigoma vyote, sogea. Simama mita mbili kutoka kwenye ruta ujaribu tena. Mambo yakinyooka hapo, shida ni mawimbi. Yakibaki vilevile, fungua kivinjari uandike anwani ya ruta, ambayo huwa imebandikwa chini yake: mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka, umeshathibitisha mwenyewe kwamba simu na ruta zinaelewana, na huna haja ya kuisumbua Wi-Fi tena. Geukia taa.

Kwenye kifaa cha faiba kuna taa iliyoandikwa PON na nyingine LOS. PON ikitulia na rangi ya kijani, mwanga unaobeba data unafika kutoka kwa mtoa huduma. LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna mpangilio wowote ndani ya ruta utakaouleta. Kabla hujapiga simu, fuata kwa macho ule waya mwembamba unaoingia nyuma ya kifaa. Ndani yake kuna kioo chenye unene wa milimita 0.125. Kwenye mkunjo mpana mwanga unapita bila shida, kwenye pembe kali unavuja. Nimewahi kukuta nyumba imekaa bila intaneti tangu siku ya msiba. Kochi lilikuwa limesukumwa ukutani ili mikeka itandikwe, na mguu wake ukakaa juu ya waya. Tulilivuta kochi nyuma kidogo, tukaunyoosha waya, LOS ikazimika, kijani ikarudi. Walikuwa na bahati kwamba kioo kilikuwa hakijavunjika, maana kikivunjika ni lazima aje mtu mwenye mashine ya kuunganishia.

Kwa wenye ruta za laini, kuna mistari ya aina mbili na hapo ndipo wengi wanapopotea. Taa za mawimbi zilizo kwenye ruta zinaonyesha jinsi ruta inavyousikia mnara. Mistari ya kwenye simu inaonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta. Ruta ikiwa katikati ya nyumba yenye zege, simu inaweza kujaza mistari yote huku ruta inabahatisha mnara. Ipeleke dirishani, upande wa mnara ulipo. Na kabla ya yote, samahani kwa kulisema, angalia salio la bando.

Hewani ndipo penye mambo mengi

Malalamiko mengi ya nyumbani, ukiyafuatilia, yanaishia kwenye kipande cha kwanza. Nyumba moja ya Tabata, ruta ilikuwa imewekwa jikoni juu ya friji, kwa sababu ndipo soketi ilipokuwa wazi. Upande mmoja imeegemea sufuria kubwa za shughuli, upande mwingine kuna maikrowevu.

"Mwanangu, hawa watu ni wezi tu," mama mwenye nyumba aliniambia baada ya shikamoo. "Nalipa kila mwezi, chumbani kwangu sipati kitu."

Nikamwomba tuishushe kwanza. Programu ya kupimia mawimbi kwenye simu, ambazo ziko za bure tele, ilisoma -79 pale chumbani kwake. Namba hizo huwa hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: -50 ni safi kabisa, -67 inatosha kupiga simu ya video bila kukatika, ukifika -80 umebaki na jina la mtandao tu. Tulivuta waya hadi koridoni, tukaipachika ruta ukutani juu ya usawa wa kichwa. Chumbani ikasoma -61. Kampuni ikawa ileile na bei ileile.

Friji ni sanduku la chuma, na chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Mabati, milango ya geti, kabati lenye kioo cha kujitazamia na zege lenye nondo vyote vina tabia hiyo kwa viwango tofauti. Maji yenyewe huyameza, kwa hiyo tanki la lita 1,000 likikaa kati yako na ruta ni ukuta kamili. Nayo maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45, jirani mno na masafa ya Wi-Fi, na ule mwanya mdogo wa mlango wake unatosha kuvuruga video wakati wali unapashwa.

Kwa walio Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, hadithi ni kali zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi hazibembelezeki. Usipoteze hela kununua ruta yenye antena nane. Vuta waya wa mtandao hadi upande wa pili wa nyumba, kisha weka huko kifaa cha pili cha kurusha Wi-Fi. Waya haujali ukuta.

Kuhusu hizo antena: wingi wake si kipimo cha umbali. Antena iliyosimama wima husambaza mawimbi zaidi kwa pembeni na kidogo sana juu na chini. Kama nyumba ni ya ghorofa na ruta ni ya antena mbili, lalisha moja.

Ruta nyingi sasa zinatumia masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La 2.4 linafika mbali zaidi na linavumilia kuta, ila ni jembamba na limejaa watu: ruta za majirani, Bluetooth, na hiyo maikrowevu. La 5 lina nafasi kubwa na kasi, lakini ukuta wa pili unalichosha. Runinga iliyo chumba kimoja na ruta iweke kwenye 5, simu ya chumba cha mwisho iache kwenye 2.4. Simu nyingi za bei nafuu haziioni 5 kabisa, kwa hiyo mtu akikwambia jina la mtandao halionekani kwake wakati wewe unaliona, anza kushuku hapo.

Kwenye maghorofa ya Kariakoo au Eastleigh, ambako ukifungua orodha ya mitandao inashuka hadi kidole kinachoka, tatizo huwa ni chaneli. Masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli 1 hadi 13, zilizopishana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila ruta inahitaji upana wa takriban megahezi 20. Kwa hiyo zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mtu mjanja anaangalia, anaona zote tatu zimejaa, anachagua 3 au 8 akijiona amepata kiwanja kitupu. Amejiharibia. Ruta mbili zilizoko kwenye chaneli 6 zinasikilizana na kupokezana zamu. Ile iliyoko kwenye 8 inazifikia kama kelele tu, na zenyewe zinaifikia hivyohivyo. Data inaharibika njiani, inatumwa upya, kasi inaporomoka kwa wote. Chagua kati ya hizo tatu ile yenye majirani wachache au walio mbali, na upana uache megahezi 20. Chaguo la 40 kwenye masafa haya linavutia kwa maandishi, ila mjini linaongeza fujo.

Jambo la zamu lina matokeo mengine ambayo watu hawayatarajii. Kwenye chaneli moja hutuma mmoja kwa wakati, wengine wanasubiri. Simu iliyo karibu inamaliza maneno yake haraka inawaachia wenzake. Iliyo mbali, pale getini inakonasa kwa shida, lazima itume polepole ili ieleweke, kwa hiyo data ileile inaishika hewa kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana kijana mmoja anayeangalia video nje ya ukuta anaweza kuwapunguzia kasi wote waliomo sebuleni, bila kuwa na matumizi makubwa kuwazidi.

Repita, kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena, ndicho ninachokiona kikitumika vibaya kuliko vyote. Watu hukiweka kwenye chumba ambacho mawimbi hayafiki. Sasa kitarudia nini? Chumbani mistari inajaa, maana simu inaisikia repita, lakini repita yenyewe inaisikia ruta kwa tabu. Mahali pake ni nusu ya njia, pale ambapo mawimbi bado ni mazuri. Hata hapo, repita ya bei rahisi inapokea na kutuma kwa redio moja kwenye chaneli moja, kwa hiyo kasi hushuka hadi karibu nusu.

Na jirani mwizi? Yupo wakati mwingine. Ukurasa wa ruta una orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ihesabu. Badilisha nywila, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila. Kuficha jina la mtandao hakumzuii mtu anayejua anachofanya.

Kasi uliyolipia na kasi unayoiona

Ugomvi mwingi na watoa huduma unaanzia kwenye herufi moja. Vifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, Mbps. Faili hupimwa kwa megabaiti, MB. Baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha Mbps 20 kikifanya kazi kikamilifu kinashusha MB 2.5 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itachukua karibu dakika saba. Aliyeona 2.5 akadhani ameibiwa, hajaibiwa.

Ukipima kasi, pima mara mbili: kwanza kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye ruta kwa waya, kisha kwa Wi-Fi kutoka pale unapokaa. Ya waya ikiwa nzuri na ya Wi-Fi mbaya, rudi kwenye mambo ya kuta na chaneli. Zote zikiwa mbaya, ndiyo sasa una haki ya kulalamika.

Ila kipimo chenyewe kina mtego. Programu za kupima kasi huchagua seva iliyo karibu nawe, mara nyingi ya mji huohuo. Data ya namna hiyo inaweza kupita kwenye vituo vya kubadilishana data vya ndani, kama TIX Tanzania au KIXP Kenya, bila kugusa bahari. Kampuni kubwa za video nazo huweka nakala za data zao karibu na watumiaji. Hivyo kebo ya baharini inaweza kukatika, kipimo kikakuonyesha kasi nzuri, video maarufu ikacheza, huku barua pepe ya kazini iliyoko kwenye seva ya Ulaya haifunguki. Ukiona mchanganyiko huo, badilisha seva ya kipimo, chagua ya London au Johannesburg. Hapo kipande cha tatu kitajitokeza, na kwa hicho, wewe na fundi wako hamna la kufanya zaidi ya kusubiri meli ya matengenezo.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo: WhatsApp inaingiza ujumbe, tovuti zote zinagoma. Mara nyingi hapo imelala DNS, seva inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake. Programu iliyokwisha kujua namba inaendelea, kivinjari kinachouliza upya kinakwama. Kwenye mipangilio ya ruta au kompyuta weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8, ambazo ni anwani za seva za DNS zilizo wazi kwa wote. Kwenye Android, sehemu ya DNS ya faragha inataka jina, andika dns.google.

Wi-Fi za vocha za mitaani zina ugonjwa wao: ukurasa wa kuingiza namba haufunguki. Zima data ya simu, zima VPN na DNS ya faragha, kisha fungua neverssl.com, tovuti isiyotumia usimbaji, ambayo mfumo wa vocha unaweza kuidaka na kukupeleka kwenye ukurasa wake. Ukishaingia, usiguse chaguo la anwani ya faragha ya kifaa, ambalo lipo kwenye simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14. Ukilibadilisha katikati, mfumo unaona simu ngeni, na vocha inakuwa ya mtu mwingine.

Mvua, umeme na kile kitundu cha sindano

Mvua husingiziwa, na mara nyingine kwa haki. Mwanga ndani ya faiba haujui kama kunanyesha, na Wi-Fi ya sebuleni haina habari na mawingu. Lakini maji yakiingia kwenye kiungio cha nguzoni, au tawi likiangukia waya, utakatika. Dishi za setilaiti, zikiwemo za Starlink iliyoanza huduma Kenya mwaka 2023, zinatumia masafa ya juu ambayo matone makubwa huyadhoofisha, kwa hiyo kukatika kwa dakika chache kwenye mvua kubwa ni kawaida.

Umeme ukirudi, ipe ruta dakika tatu. Kama inajizima na kujiwasha yenyewe, hasa watu wakiwa wengi, tazama adapta. Iliyoungua ikabadilishwa na ya duka la jirani inaweza kuwa na volti 12 sawasawa, ila ampea pungufu. Lazima ifikie ampea zilizoandikwa chini ya ruta.

Na kile kitundu cha nyuma kinachohitaji sindano, kiache. Kuzima na kuwasha kunasafisha kumbukumbu ya muda na kugawa anwani upya, jambo linalotibu mengi, likiwemo lile la simu kukwama kwenye kutafuta anwani ya IP. Kuriseti ni kufuta kila kitu: jina la mtandao, nywila, na kwa huduma nyingi za faiba hata jina la mtumiaji linaloitambulisha ruta kwa mtoa huduma. Likifutika hilo, tatizo dogo la hewani linageuka kuwa la kipande cha pili, na utasubiri fundi wao.

Ukilazimika kupiga huduma kwa wateja, usiwaambie Wi-Fi imekufa. Waambie hivi: "LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi, nimeshazima na kuwasha, waya haujakunjwa ndani." Au: "PON ni kijani, nimepima kwa waya, nalipia 20 napata 3." Mpokeaji hawezi tena kukurudisha kwenye "zima uwashe", na namba ya malalamiko atakayokupa iandike.